Kampuni inayosimamia nyumba ya mdogo wangu (SDA, Melbourne), nyota 4

Mpangaji ni mdogo wangu, mimi ni dada yake tu, ila kuandika kwa kidole kimoja kunamchosha akaniambia dada andika wewe, mimi nitasoma kabla hujatuma. Kwa hiyo haya yote ameyasoma, na sehemu mbili alizokataa nimezifuta. Jina la kampuni siliweki kwa sababu kuna malalamiko yetu mawili bado hawajayamaliza na sitaki ionekane nawachafua, na hata bila jina nadhani mtu mwenye ndugu kama wangu ataondoka na kitu hapa, maana ninachotaka kuelezea ni jinsi kazi ya kusimamia mpangaji mwenye ulemavu inavyofanywa ikifanywa vizuri, na inavyokuwa ikifanywa vibaya, kwa sababu tumepitia zote mbili.

Kwanza niwaweke sawa wale ambao ndo wanaanza, maana kwenye jamii yetu watu wengi wanachanganya. NDIS ni mpango wa serikali ya Australia wa kugharamia mahitaji ya watu wenye ulemavu, sheria yake ni ya 2013, na kwetu huku magharibi mwa Melbourne ulifika 2018. Ndani yake kuna hela inaitwa SDA, hiyo ni ya nyumba maalumu, hapati kila mtu, ni wachache wenye ulemavu mkubwa sana au wanaohitaji msaada mwingi sana, na hiyo hela hushiki wewe, inaenda kwa mwenye nyumba. Afu kuna nyingine inaitwa SIL, hiyo ni ya wale saporti waka wanaomsaidia kuamka, kuoga, kula, kugeuzwa usiku. Shikeni hapo jamani. Nyumba ni kitu kimoja na watu wa kumsaidia ni kitu kingine, na mikataba yake inatakiwa iwe miwili, na kama mtu angeniambia hivyo 2019 mdogo wangu asingepoteza miaka minne ya maisha yake.

Ana mtindio wa ubongo, alizaliwa nao. Kule Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, mama alimbeba mgongoni mpaka ana miaka tisa, mpaka chooni, mpaka kwenye foleni ya chakula, na mpaka leo mgongo wa mama haujanyooka. Tulivyofika huku tulimtunza wenyewe nyumbani, kuhama kwake hakukuwa uamuzi wa kumtupa kama baadhi ya watu walivyosema kanisani, ni yeye mwenyewe alitaka, ana akili zake timamu, kijana wa miaka 22 alitaka kukaa kwake kama kijana mwingine yeyote.

Basi 2019 tukampeleka kwenye nyumba ya pamoja, wakazi watano, na kampuni iliyomiliki nyumba ndo hiyo hiyo ilileta saporti waka. Tukaona poa, mambo yote sehemu moja, simu moja. Kumbe ndo mtego wenyewe. Funguo hakuwa nayo, walishika wafanyakazi. Jikoni saa mbili usiku panafungwa. Siku moja nimeenda saa tano asubuhi nikamkuta bado yuko kitandani na nguo za jana, mfanyakazi yuko sebuleni, nikalalamika kwa meneja na jibu nililopewa sitalisahau, akasema kwa sauti ya upole kabisa kwamba kama familia haijaridhika na huduma mko huru kutafuta sehemu nyingine. Sehemu nyingine maana yake na nyumba pia. Yaani ukilalamikia mtu aliyemwacha ndugu yako kitandani unahatarisha paa la ndugu yako. Mama aliniambia kwa Kiswahili pale pale, mwanangu nyamaza, watamtoa, atalala wapi. Tukanyamaza. Miaka minne tulinyamaza.

Baadaye ndo nikajua kwamba hata kanuni za NDIS zinataka mwenye nyumba ya SDA alionyeshe wazi hilo suala la mgongano wa maslahi, na mpangaji awe na haki ya kubadilisha watu wa kumsaidia bila kupoteza nyumba. Na ile Tume ya Kifalme iliyochunguza ukatili na utelekezaji wa watu wenye ulemavu, ilianza 2019 na ripoti ikatoka Septemba 2023, makamishna wanne walipendekeza hizo nyumba za pamoja ziondolewe ndani ya miaka 15. Nilimsomea mama kile kipande nikimtafsiria, akauliza kwa nini miaka 15, mtoto wangu angekuwa na miaka mingapi. Sikuwa na jibu la kumpa.

Kupata hii ya sasa ilichukua miezi 14 kuanzia ripoti ya OT, yule mtaalamu anayepima mtu anahitaji msaada na nyumba ya namna gani, mpaka barua ya NDIS kukubali, sitaeleza yote maana nitawachosha, ila jambo moja lililotusaidia ni tovuti ya Housing Hub, ilianzishwa na Summer Foundation, wale waliokuwa wanapigania vijana wenye ulemavu wasiwekwe kwenye nyumba za wazee. Mle unaona vyumba vilivyo wazi, viko mtaa gani, vya daraja gani. Na daraja ni muhimu sana kujua, mdogo wangu amepewa lile linaitwa High Physical Support, la wanaohitaji msaada mkubwa wa mwili, ukikubali la chini yake unaweza kuingia kwenye nyumba nzuri machoni lakini dari haliwezi kubeba mashine ya kumnyanyulia mtu na hapo umekwama.

Sasa nije kwa hii kampuni.

Siku ya kwanza kwenda kuona nyumba alikuja dada mmoja, ndo meneja wa upangaji, hashughuliki na saporti hata kidogo, kazi yake ni mpangaji na nyumba basi. Mimi nilikuwa nimejiandaa na maswali yangu kwenye simu. Akatusalimia, akavuta kiti akakaa chini mpaka macho yake yakawa sawa na ya mdogo wangu, akamuuliza yeye, wewe unapenda kuamka saa ngapi. Mdogo wangu anaongea kwa tableti, anagusa herufi moja moja, sentensi moja inaweza kuchukua dakika mbili au tatu. Kwa kawaida watu hawavumilii, wanaangalia pembeni, wanageuka kuniuliza mimi au mama. Mimi mwenyewe nilishafungua mdomo nimjibie kama tulivyozoea. Yule dada akaniinulia kiganja kidogo tu, kwa heshima, huku anamwangalia yeye. Akasubiri. Sebule iko kimya, unasikia tu kidole kwenye kioo. Kisha tableti ikasema, saa tatu, na nataka dirisha la barabarani. Akaandika. Na chumba alichopewa ni cha upande wa barabara.

Mama alilia kwenye gari. Alisema miaka yote hii hajawahi kuona mzungu anamsubiri mwanae amalize.

Mkataba sasa. Hapa jimbo la Victoria wapangaji wa SDA wana sehemu yao kabisa kwenye sheria ya upangaji ya 1997, inaitwa Part 12A, imeanza kufanya kazi Julai 2019, na inamtaka mwenye nyumba amweleze mpangaji mkataba kwa lugha na namna ambayo huyo mpangaji anaielewa. Hapa nawakata alama kidogo. Mara ya kwanza walileta karatasi za Kiingereza kurasa nyingi wakataka zisainiwe wiki hiyo hiyo, mdogo wangu Kiingereza anasoma lakini yeye alitaka mama aelewe pia kabla hajaweka kidole. Tukaomba mkalimani, wakakubali bila ubishi ila ilichukua wiki tatu, na aliyekuja kwa simu Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu kabisa, kila akisema mpangishaji mama ananiangalia. Mwisho tukatumia maneno yetu, mwenye nyumba, mpangaji, kodi, notisi, ikaeleweka. Dada wa upangaji alikaa saa mbili nzima na hakuangalia saa. Mdogo wangu akasaini mwenyewe, mkataba una jina lake peke yake. Nimeupiga picha na ile karatasi ninayo kwenye simu mpaka leo.

Nyumba yenyewe ni apatimenti ya chumba kimoja kwenye jengo la kawaida lenye watu wa kawaida, kuna kumi kama yake zimetawanywa kwenye ghorofa tofauti na moja ni ya wafanyakazi wa zamu. Milango ni mipana, wilichea inapita bila kukwaruza ukuta. Dari la chumbani limejengwa kubeba mashine ya kunyanyulia mpaka kilo 250. Umeme ukikatika kuna betri inayoshikilia soketi za chumbani na mlango wa kutokea kwa saa mbili, na hilo sio hisani yao ni sharti la daraja lake, ila wao kila baada ya muda wanakuja kulijaribu na wanatoa taarifa kabla, hawaingii tu kama kwao. Meza ya jikoni inapanda na kushuka kwa kitufe. Jiko ni la induction, linapasha kwa sumaku, na hapo wamama naomba mnisikilize, sufuria za alumini tulizozoea haziwaki kule, mama alikuja na sombe lake na sufuria lake kubwa akaweka dakika kumi hakuna kitu. Ilibidi tununue za chuma. Hilo wangetuambia mapema, ni jambo dogo lakini hakuna aliyefikiria wageni wake watapika nini.

Kodi haitishi, watu wakisikia apatimenti Melbourne wanashtuka. Analipa robo ya pensheni ya msingi ya ulemavu pamoja na ule msaada wa kodi wote anaopewa na Centrelink, ofisi ya serikali inayolipa pensheni, basi, kinachobaki cha gharama ya nyumba kinalipwa na SDA. Tumeweka Centrepay inakatwa moja kwa moja kabla pensheni haijaingia kwenye akaunti. Kosa lao kubwa lilikuwa hapa. Pensheni inapanda kila tarehe 20 Machi na 20 Septemba na wao wanapandisha kodi kufuata, sawa, lakini Machi mwaka juzi barua ya kupandisha waliituma kwa kampuni ya saporti badala ya kumtumia mpangaji. Mdogo wangu akaja kujua kwa meseji kwamba ana deni. Alikosa usingizi, akafikiri wanamtoa, maana ule woga wa nyumba ya kwanza bado uko ndani yake. Notisi ya kupandisha kodi inatakiwa ije mapema na inatakiwa iende kwake yeye. Nilimpigia dada wa upangaji nikiwa nimekasirika kweli, akanisikiliza, siku hiyo hiyo deni likafutwa na barua mpya ikaja kwa jina lake, na pia akampigia yeye kwa video kumwomba radhi. Mimi ningeomba tu wasimtie mtu hofu ya namna ile tena kwa uzembe wa anwani.

Jambo ambalo mdogo wangu alisisitiza nisiliache ni mlango. Mlango wake wa mbele unafunguka kwa kitufe kilichofungwa kwenye mkono wa wilichea, huo ndo ufunguo wake, wa kwanza maishani. Jumamosi moja jioni ametoka dukani, mvua inanyesha, anabonyeza hakuna kitu. Yuko kwenye korido na mfuko wa manunuzi mapajani, maziwa na mkate, na saporti waka hana ufunguo kwa sababu yeye mwenyewe ndo alikataa wawe nao. Wakapiga ile namba ya dharura. Mtu alipokea, hakuwa mashine, ila fundi alifika baada ya saa tatu kasoro, na mle katikati yule mfanyakazi wa zamu wa jengo akamkaribisha kwenye ile apatimenti yao akae kwenye joto. Mota ilikuwa imekufa. Fundi akafungua kwa mkono na kuacha mlango unafunguka kwa kusukumwa, ambao yeye hawezi kuusukuma, kwa hiyo Jumapili nzima alikuwa ndani. Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi dada wa upangaji alikuwa pale na fundi mwingine na mota mpya, na kabla ya yote alimuuliza, tufanyeje ikitokea tena, unataka nani awe na ufunguo wa akiba. Akasubiri jibu. Sasa kuna ufunguo kwenye kasha lenye namba, namba anaijua yeye na mama, akitaka kumpa mtu anampa. Saa tatu kwenye korido ni nyingi, nimewakata alama kwa hilo, lakini hilo swali la Jumatatu limewarudishia.

Na sasa nifike kwenye kitu kilichofanya niwape nyota nne licha ya hayo yote. Mwaka jana ile kampuni ya saporti ilianza kubadilisha watu ovyo, wiki moja nyuso sita tofauti, mmoja alimwogesha bila kumwambia neno. Mdogo wangu akaamua anaiacha. Usiku ule mama hakulala, akanipigia saa kumi alfajiri, mwanangu mwambie avumilie, watamtoa tena tutaanza upya. Nikampigia dada wa upangaji kulipokucha nikamuuliza moja kwa moja, akiiacha kampuni ya saporti nyumba inakuwaje. Akasema, haihusiki na sisi, nyumba ni yake, sisi tunahitaji tu kujua nani anaingia ili tuwape utaratibu wa moto na mashine. Ndo hivyo. Sentensi moja. Tulibadilisha ndani ya mwezi, watu wa zamani wakaondoka Ijumaa, wapya wakaja Jumamosi, na mdogo wangu hakuhamisha hata kijiko. Nilimrudia mama na yale maneno, nyumba ni yake, akaniambia rudia, nikarudia.

Yaliyobaki sasa. Maji ya bafuni hayaelekei kwenye tundu yanabaki upande wa ukuta, saporti waka mmoja ameteleza, tumeandika, matengenezo yasiyo ya dharura wana siku 14 na wao wamefika wiki ya sita, wanasema wanamsubiri mwenye jengo kwa sababu wao ni wasimamizi tu. Mimi hiyo siikubali, mpangaji hamjui mwekezaji aliyekaa sijui wapi, anawajua wao. Tumewapa mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo tunakwenda VCAT, baraza la Victoria linaloamua kesi za wapangaji, na wameshaambiwa. La pili ni mtu wa zamu ya usiku. Huyo ni wa jengo zima, anachaguliwa na kampuni yao na sio mdogo wangu, kwa hiyo mchana anachagua nani amshike mwili wake na usiku hachagui. Nimeelewa maelezo yao kwamba ni mmoja kwa watu kumi, lakini ndiye anayemgeuza saa nane usiku, na mdogo wangu ameomba angalau wapangaji wakae kwenye intavyuu wakati wa kumwajiri. Walisema watafikiria. Pia wale watembeleaji wa kujitolea wa Office of the Public Advocate, ofisi inayotetea haki za watu wenye ulemavu, walipita bila taarifa kama wanavyoruhusiwa, wakamuuliza, na hilo la usiku ndilo alilowaambia.

Ukienda kuangalia nyumba kwa ajili ya ndugu yako, usianze na jikoni wala rangi za ukuta. Uliza mwenye nyumba ni nani na wa saporti ni nani, kama ni wale wale uliza mara mbili na waombe waandike kwamba ukiacha saporti nyumba inabaki. Uliza ufunguo anashika nani. Ile mashine ya kunyanyulia ikiharibika Jumamosi usiku anapigiwa nani, maana mara nyingi reli ni ya nyumba na mashine yenyewe imenunuliwa na mpango wa NDIS wa mtu mwenyewe, mafundi tofauti, na unaweza kukuta kila mmoja anamsukumia mwenzake huku mtu wako ananing'inia hana wa kumshusha. Omba mkalimani mapema, wiki mbili tatu kabla, na mwambie mkalimani aongee Kiswahili cha nyumbani. Na mwangalie anayewatembeza, anamuuliza nani maswali.

Nyumba nyota 5, dada wa upangaji 5 na zaidi kama ingewezekana, matengenezo 3, makaratasi 3. Mdogo wangu alitaka niweke nne na nusu, haipo hapa nimeweka nne. Wakirekebisha bafu na wakijibu lile la mtu wa usiku nitarudi kubadilisha.